Kutoka Tabora hadi Kigoma na kurudi: safari ya kutazama vyuma vilivyovunjika

Nafundisha ufundi wa mitambo hapa Tabora, na kwa muda mrefu nimetaka kuwapa wanafunzi wangu vipande halisi vya vyuma vilivyoshindwa kazi, wavishike mikononi, badala ya michoro ya ubaoni. Nilichagua njia ya Kigoma kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu kinachomaliza chuma: vumbi la barabara, chumvi ya Uvinza, maji ya ziwa, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Niliondoka nikiwa na lenzi ya mkono, brashi laini, daftari na mifuko ya plastiki, na simulizi hii nimeiunganisha nyumbani kutokana na daftari hilo pamoja na picha za simu. Ninachoamini, na ambacho safari hii ilinipa ushahidi wake, ni kwamba chuma hakivunjiki siku kinapovunjika. Siku hiyo huwa ya mwisho tu katika kazi iliyoanza zamani, na kazi hiyo huwa imeacha maandishi juu ya chuma chenyewe.

Jumanne: Tabora, Urambo, Kaliua, na porini

Basi liliondoka saa kumi na mbili na robo alfajiri, limejaa abiria, magunia ya maembe na madumu ya asali. Nauli niliyolipa ilikuwa shilingi 27,000. Hadi Urambo sina la kusimulia isipokuwa mashamba ya tumbaku yaliyokuwa yakiandaliwa kwa mvua za Novemba, na chai ya maziwa na chapati mbili kwa shilingi 1,500, tulizouziwa na mama aliyemsalimu kila abiria kwa “Mwangaluka” kabla ya kupokea fedha yake.

Baada ya Kaliua basi liliingia kwenye njia ya mchepuko iliyokuwa na mashimo. Ilisikika sauti moja kavu chini ya sakafu, upande wa kushoto nyuma, kisha gari likainama. Utingo aliingia chini na kutoka na habari kwamba bamba la pili la springi limekatika na kipande chake kimesogea karibu na tairi. Abiria wakasema ni shimo. Dereva naye akasema ni shimo, na akamtuma kijana wa bodaboda kumleta fundi kutoka kijiji kilichokuwa mbele.

Tulisubiri zaidi ya saa mbili. Mama mmoja mwenye nyumba kando ya njia alitandika mikeka chini ya mwembe wake na kutuletea viazi vitamu vya kuchemsha na maji ya mtungi. Nilipomwamkia aliitika, “Marahaba mwanangu, kaeni kivulini, gari ni chuma, litatengenezwa.” Tulipochanga fedha ili tumpe, alikataa kuzipokea, akasema tuwanunulie watoto soda tukifika.

Fundi alipolitoa bamba lile niliomba nilitazame kabla halijatupwa. Uso wa mvunjiko ulikuwa na sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Sehemu ya kwanza, iliyoanzia upande wa juu wa bamba, ilikuwa laini na ya rangi ya kahawia iliyokolea, ikiwa na mistari myembamba iliyopinda, mmoja nje ya mwingine, kama mistari ambayo maji ya ziwa huacha mchangani yanapopungua. Sehemu ya pili ilikuwa ya kijivu, yenye chembechembe zinazometameta, na haikuwa na kutu hata kidogo. Hii ya pili ndiyo iliyovunjika mbele yetu. Ile ya kwanza ilikuwa ufa wa zamani, uliosogea kidogo kidogo kila springi ilipopanda na kushuka, ukipumzika gari lilipopumzika na kuendelea gari lilipoendelea, huku unyevu ukiingia ndani yake na kuupaka kutu. Shimo la Jumanne lilivunja kilichokuwa kimebaki.

Wataalamu wa metali huuita mwenendo huu uchovu wa metali. Mzigo mmoja ambao chuma kingeubeba bila taabu, ukirudiwa mara laki kadhaa au mara milioni kadhaa, huanzisha ufa mahali fulani dhaifu na kuukuza. Ukitaka kujua mahali hapo dhaifu palipatikanaje, itazame springi ya mabamba ilivyo. Gari likibeba mzigo, upande wa juu wa kila bamba huvutwa na upande wa chini hugandamizwa, na ufa hufunguka upande unaovutwa. Upande huo wa juu wa bamba la pili ndio unaosuguana na tumbo la bamba la kwanza. Grisi ikikauka, vumbi la barabara hujipenyeza katikati, na ndani ya vumbi hilo mna chembe za kwatzi, madini ya mchanga, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha springi. Chembe hizo hukwaruza, mkwaruzo huondoa utando mwembamba unaokilinda chuma, unyevu wa mvua hukikuta kikiwa uchi, na kutu inayotokea, ambayo nayo ni unga mgumu, hurudi kazini kama msasa. Baada ya muda hubaki vishimo vidogo ambavyo jicho linaweza kuvidharau.

Vishimo hivyo havistahili kudharauliwa. Mwaka 1898 Mjerumani Ernst Gustav Kirsch alionyesha kwamba tundu la duara katika bamba pana linalovutwa huongeza mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kipande kidogo cha eneo la chuma, ukingoni mwake mara tatu. Mwaka 1913 Mwingereza Charles Inglis akaonyesha kwamba tundu la umbo la yai, lililolala kwa kukingama mvuto, hufanya vibaya zaidi: likiwa na urefu mara tano ya upana wake, mkazo katika ncha zake huwa mara kumi na moja. Kadiri ncha inavyokuwa kali ndivyo chuma kinavyoumia, na ndiyo maana kishimo cha kutu chenye kina cha sehemu ndogo ya milimita kinaweza kuwa mlango wa ufa utakaokata bamba zima.

Fundi aliniuliza, “Mwalimu, na nikilichomelea?” Alikuwa analijua jibu, kwa maana aliendelea mwenyewe kwamba springi iliyochomelewa hukatika pembeni ya pale ilipochomelewa. Hivyo ndivyo ilivyo. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, na joto la kuchomelea huacha ukanda mgumu unaovunjika kwa urahisi, na pembeni yake ukanda mwingine uliolainika. Wakati tukizungumza alisimama dereva wa lori la mahindi, akasikiliza, kisha akatoa chini ya kiti chake bamba la springi alilokuwa ameliweka kama akiba. Halikuwa jipya, lakini lilikuwa zima, na alikataa malipo isipokuwa namba ya simu ya dereva wetu ili arudishiwe jingine atakapopita Tabora.

Kwa atakayetaka kukusanya vipande kama hivi: usivirudishe vipande viwili vikutane ili kuona kama vinalingana, kwa kuwa nyuso hupondana na maandishi yake hufutika. Usiviguse kwa vidole vyenye jasho, usivipige brashi ya waya. Vikaushe, vipake oili nyepesi, vifunge kila kimoja peke yake.

Jumatano: Uvinza

Tulivuka Malagarasi usiku kwenye Daraja la Kikwete na nikashuka Uvinza nikiwa nimechoka. Chumba kilikuwa shilingi 15,000, safi, chenye chandarua na ndoo ya maji.

Uvinza ni mahali pa chumvi. Maji ya chumvi hububujika hapo kutoka ardhini, na watu wamekuwa wakiyachemsha kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtu anayejali vyuma akitembea mjini asubuhi moja tu ataona mambo ambayo kitabu huyaeleza kwa kurasa nyingi. Mabati ya vibanda vilivyowahi kuhifadhi chumvi yalikuwa yametoboka kuanzia chini, pale magunia yalipoyaegemea. Bati hufunikwa kwa zinki, na zinki hujitoa mhanga kwa ajili ya chuma: hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo jirani huliwa kwanza na chuma husalimika. Lakini kujitoa huko kuna mwisho wake, na mahali penye chumvi mwisho huo huja mapema, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri. Kutu ni kazi ya umeme. Sehemu moja ya chuma hupoteza atomi zake, elektroni husafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine ambako oksijeni huzipokea, na maji huukamilisha mzunguko huo.

Nilisimama muda mrefu zaidi mbele ya nguzo ya zege iliyopasuka kwa urefu, nondo ikionekana ndani, imevimba na rangi ya kutu imeshuka hadi chini. Fundi ujenzi mmoja aliyenikuta akaniambia kwa upole kwamba saruji ilikuwa kidogo. Huenda ilikuwa hivyo, na saruji kidogo huacha matundu mengi ya kupitisha maji, lakini kuna sababu ya ndani zaidi. Zege zima lina ualikali mkali, yaani kinyume cha asidi, na ualikali huo huivika nondo utando mwembamba unaozuia kutu. Kloraidi ya chumvi ikipenya hadi kwenye nondo, huutoboa utando huo sehemu chache, na nondo huanza kuliwa hapo kwa vishimo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, na zege, ambalo ni imara likigandamizwa na dhaifu likivutwa, hupasuliwa kutoka ndani. Ufa wa nje huwa umechelewa kwa miaka.

Muuza chumvi mmoja anayesafirisha magunia kwa baiskeli alinionyesha gurudumu lake la nyuma. Spoku zake hukatika kila mara mahali pamoja, pale zinapopindwa kuingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Nilichukua mbili. Kwenye kila moja palikuwa na doa la kutu upande wa nje wa kipindo na uso laini wa ufa mdogo uliotokea hapo. Kila mzunguko wa gurudumu hukaza na kulegeza spoku, na kuna jambo la kuogopwa hapa: chuma kikiwa kikavu na safi huwa na kiwango cha mkazo ambacho chini yake mzigo unaweza kurudiwa bila ukomo bila kukivunja, lakini kikiwa kinaliwa na kutu wakati huo huo, kiwango hicho hutoweka. Nilimshauri aioshe baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, aikaushe, na apake oili kwenye vipindo. Alinipa kipande cha chumvi kilichoganda, kikubwa kama ngumi, na hakutaka nilipe.

Mchana nikapanda basi dogo hadi Kigoma kwa shilingi 8,000. Mvua ilinyesha njia nzima.

Alhamisi: Kibirizi

Kutoka Mwanga, mtaa wa mjini Kigoma, bajaji ilinitoza shilingi 3,000 hadi mwalo wa Kibirizi, ambako boti huondokea kwenda vijiji vya kaskazini na ambako dagaa huanikwa. Nenda asubuhi mapema, kabla wavuvi waliorudi kutoka ziwani hawajalala.

Chini ya mwembe kulikuwa na mzee anayetengeneza injini za boti. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akanisogezea kigoda na karai lililojaa propela zilizokwisha. Sijapata darasa bora zaidi. Propela ya kwanza ilikuwa imelika kingo zote hadi zikawa butu na nyembamba, kwa kuwa mwenye boti hulifikisha ufukweni injini ikiwa inazunguka, na mchanga unaopeperuka majini huisaga aluminiamu. Kanuni ya John Archard ya mwaka 1953 husema kwamba kiasi kinachosagika huongezeka kwa kadiri ya mzigo na ya umbali wa msuguano, na hupungua kadiri kitu kinavyokuwa kigumu. Mzee huyo hajawahi kuisikia, lakini alikuwa ameshaniambia vivyo hivyo kwa maneno yake: aluminiamu ni laini, injini ni kubwa, na kijana hazimi mapema.

Propela ya pili ilikuwa tofauti. Kingo zake zilikuwa nzima, ila karibu na ncha, upande wa nyuma ya bapa, yaani ubawa wa propela, palikuwa na eneo lililochimbika vishimo kama limedonolewa. Hapo mchanga hauna hatia. Bapa likizunguka kwa kasi kubwa, shinikizo la maji nyuma yake hushuka mpaka maji hugeuka mvuke na kufanya viputo, na viputo hivyo vikisogea mahali penye shinikizo hujikunja kwa ghafla na kupiga chuma. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alikokotoa mwaka 1917 jinsi kiputo kinachojikunja kinavyoweza kuzaa shinikizo kubwa mno. Pigo moja ni dogo sana. Mapigo mamilioni hung’oa metali punje kwa punje.

Kisha mzee akatoa mfukoni pini ndogo zilizokatika katikati na kuniambia kwamba hizo hazimsikitishi hata kidogo. Katika injini ndogo za zamani pini hiyo huunganisha shafti na propela, na imetengenezwa kwa metali laini ili propela ikigonga jiwe pini ikatike, shafti na giya zipone. Uso wake wa mvunjiko ulikuwa sawasawa na umeburuzika kuelekea upande mmoja, alama ya kitu kilichokatwa kwa mara moja. Natamani kila mwanafunzi wangu aielewe pini ile, maana mhandisi mzuri huchagua mapema kitakachovunjika na huhakikisha kinapatikana dukani kwa bei ndogo.

Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya bahari, ila yana madini yaliyoyeyuka mengi kuliko ya Ziwa Victoria, na yana ualikali. Hupitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo metali mbili zinazogusana ndani yake hulana upesi zaidi. Niliona mahali bolti za chuma kisichoshika kutu zilipofungwa kwenye mwili wa aluminiamu wa injini: bolti ziling’aa, na aluminiamu iliyozizunguka ilikuwa imegeuka unga mweupe. Kulizuia hilo, watengenezaji huweka kipande cha zinki kiliwe badala ya injini. Wazo hilo lina umri mkubwa, kwani Humphry Davy alilijaribu mwaka 1824 kwenye shaba ya meli za kivita za Uingereza.

Kwa wenye boti: kipande kile cha zinki hakipakwi rangi. Niliviona kadhaa vilivyopakwa kwa uangalifu mkubwa pamoja na injini nzima, na kipande kilichofunikwa rangi hakimlindi mtu. Kikipungua hadi nusu, kibadilishwe.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka iliyopikwa kwa mawese, shilingi 5,000.

Ijumaa: ghuba ya Kigoma

Asubuhi nilikuwa na mzee mwingine, aliyewahi kufanya kazi ya ribiti, vipande vya chuma vyenye vichwa vya kuungia mabamba ya meli, katika ujana wake. Tulikaa ukingoni mwa ghuba na mazungumzo yakaenda moja kwa moja kwenye Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa, ikasafirishwa katika makasha yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa upya na kuingizwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, na kabla ya kufanya hivyo waliipaka mitambo yake grisi nene. Ilipoinuliwa na Waingereza mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Kutu huhitaji maji na oksijeni vikutane na chuma, na grisi ile ilivinyima vyote viwili nafasi ya kukigusa.

Mzee alinieleza ribiti inavyopigwa: hupashwa moto mpaka iwe nyekundu, huingizwa tunduni, hupondwa kichwa upande wa pili, na ikipoa hujikunja na kuyabana mabamba kwa nguvu ambayo nyundo pekee isingeipata. Kuikagua, unaweka kidole upande mmoja wa kichwa na kugonga kwa nyundo ndogo upande wa pili. Iliyolegea utaisikia kidoleni.

Nilimsimulia habari ya meli ya mafuta ya Schenectady. Januari 16, 1943, ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, maji yakiwa tulivu na hewa ya baridi kali, meli hiyo mpya ilipasuka karibu vipande viwili kwa kishindo kimoja. Ilikuwa imechomelewa. Chuma cha wakati ule kikipoa sana kilipoteza uwezo wa kunyumbulika, ufa ulioanzia mahali penye kasoro ukakimbia kutoka bamba hadi bamba kupitia maungio, kwa sababu bamba lililochomelewa kwa jirani yake huwa kitu kimoja naye. Katika mwili wa ribiti, ufa ukifika ukingoni mwa bamba mara nyingi huishia hapo. Baridi ile haitufikii Kigoma, lakini fundisho la njia ya ufa linatufaa pia sisi wa nchi za joto.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kitu ambacho nilikiandika neno kwa neno: “Lakini mwalimu, ribiti nayo ina ugonjwa wake. Maji hukaa katikati ya mabamba usiyoweza kuyapiga brashi.” Ni kweli tupu. Ndani ya mwanya mwembamba oksijeni huisha na haijazwi upesi, nje oksijeni ni tele, na tofauti hiyo peke yake hutosha kuufanya mwanya uwe upande unaoliwa. Kwa hiyo kila namna ya kuunga chuma ina mahali pake pa kufa, na mkaguzi anapaswa kupajua kabla hajashika tochi.

Jumamosi: reli

Nilirudi kwa treni, daraja la tatu, kutoka stesheni ya Kigoma iliyojengwa wakati wa Wajerumani. Ulizia ratiba stesheni siku moja kabla, na beba shuka, kwa sababu usiku kuna baridi. Dada mmoja mwenye mtoto mchanga alinigawia samaki wa kukaanga na mimi nikambebea mizigo. Ndivyo safari ilivyokwenda.

Kabla ya giza nilisikiliza maungio ya reli. Reli ya chuma yenye urefu wa mita 12 hurefuka takriban milimita nne joto likipanda nyuzi 30, na ndiyo sababu mafundi wa njia huacha nafasi kwenye maungio. Kila gurudumu huruka nafasi hiyo na kupiga ncha ya reli inayofuata. Ncha hupondeka, na nyufa huanzia kwenye matundu ya bolti za mabamba ya kuungia, ambayo ni yale yale matundu ya Kirsch.

Chini ya behewa ndipo elimu ya uchovu wa metali ilipozaliwa. Mei 8, 1842, karibu na Versailles, Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni ilivunjika na watu zaidi ya hamsini wakafa. Wengi waliamini kwamba chuma hubadilika umbo lake la ndani kwa kutikiswa. Mskoti William Rankine, mwaka 1843, alichunguza ekseli zilizovunjika na kueleza kwamba nyufa zilikuwa zikikua kidogo kidogo kutoka kwenye kona kali za ekseli, pale unene unapobadilika ghafla. Kisha August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, akazizungusha ekseli zilizobebeshwa mizigo mara mamilioni katika majaribio yaliyoendelea hadi mwaka 1870. Ukichukua gurudumu la kipenyo cha sentimita 85, kati ya Kigoma na Tabora, umbali wa kilomita zipatazo mia nne, litazunguka karibu mara 150,000, na katika kila mzunguko kila sehemu ya ngozi ya ekseli huvutwa mara moja na kugandamizwa mara moja.

Kuna jambo ambalo wengi hulishangaa: kusagika wakati mwingine huokoa. Gurudumu likibingirika juu ya reli huzaa nyufa nyembamba sana usoni mwa reli, na kama reli inasagika kiasi, nyufa hizo huondoka pamoja na ngozi ya juu kabla hazijazama. Reli ngumu isiyosagika huzihifadhi. Oktoba 17, 2000, huko Hatfield, Uingereza, reli yenye nyufa za namna hiyo ilivunjika vipande mamia chini ya treni na watu wanne wakafa. Tangu hapo kazi ya kusaga reli kwa makusudi, kuondoa utando mwembamba kwa mashine, imepewa uzito zaidi.

Wiki iliyofuata, karakana, Tabora

Tulilisafisha bamba la springi kwa petroli na brashi laini, tukakata kipande karibu na mvunjiko kwa grenda huku tukikipoza kwa maji, kisha kila mwanafunzi akatazama kwa lenzi. Mistari iliyopinda yote ilielekea sehemu moja upande wa juu, na kwenye sehemu hiyo palikuwa na kishimo cha kutu katikati ya eneo lililosuguliwa likang’aa. Bamba lilikuwa na unene wa milimita 12, na ufa wa zamani ulikuwa umefika milimita tano karibu upana wote. Wanafunzi walikokotoa wenyewe, wakijua kwamba katika kupinda mkazo hufuata mraba wa unene: milimita saba zilizobaki zilikuwa zikibeba mkazo karibu mara tatu ya ule uliokusudiwa, mbali na ukali wa ncha ya ufa.

Nilimtumia yule fundi wa njiani picha pamoja na maelezo, naye akauliza swali ambalo ndilo hasa linalofaa kuulizwa: ufa kama huo unaonekanaje bamba likiwa bado zima? Nikamwandikia njia iliyotumiwa zamani katika karakana za reli. Fungua springi, osha, kausha. Paka mafuta ya taa na uyaache yapenye kwa nusu saa au zaidi. Futa kwa kitambaa kikavu mpaka kusibaki unyevu. Kisha paka chaki iliyosagwa na kukorogwa kwenye spiriti, uiache ikauke iwe nyeupe, na ugonge bamba polepole kwa nyundo. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari juu ya chaki.

Baada ya siku chache alinitumia picha ya bamba la lori lililoletwa kwake kwa ajili ya kubadilishwa bushi tu. Juu ya chaki, kutoka ukingoni mwa tundu la bolti ya katikati, palikuwa na mstari wa unyevu wenye urefu wa kama kucha ya kidole gumba. Mwenye lori alikuwa ameshakubali kununua bamba jingine.